Bushi za Gari: Kwa Nini za Zamani Zilitaka Grisi na za Leo Hazitaki

Leo tunaweka mbegu na mbolea pembeni, tunaingia chini ya gari. Mahindi ya Handeni na machungwa ya Michungwani na Kabuku hayana faida yasipofika sokoni, na magari yanayoyabeba tunayajua: Noah iliyotolewa viti, Probox, Hilux ya zamani iliyokwisha kupakwa rangi mara tatu. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni la aina hii: "Bwana shamba, bushi nimebadilisha mwezi wa tatu, mwaka haujaisha zinagonga tena. Nimeuziwa feki?"

Huenda umeuziwa feki, zipo nyingi. Lakini kabla hujamrudia muuza spea, jiulize mambo mawili. Je, bushi zilipakwa grisi zilipofungwa? Na je, bolti zilikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja tu, bushi hizo zingekufa mapema hata kama zingekuwa halisi kabisa. Mafundi wanaofanya hivyo si wavivu. Wanafuata kazi waliyorithi, na kazi hiyo ilikuwa sahihi kwa bushi za aina nyingine. Mpaka leo ni sahihi kwa trakta. Ndiyo maana nataka tupite kwanza kwenye historia, kisha tushike spana.

Chuma juu ya chuma

Bushi ni kile kipande cha mviringo kinachokaa kati ya kitu kinachocheza na kitu kilichotulia. Neno tumelichukua kwa Waingereza, nao walilichukua kwa Waholanzi, kwao likiwa na maana ya kasha au kopo. (Usichanganye na bushi ya vijana wa mjini, wanaosema fulani katoka bushi, ingawa gari la bushi hiyo ndilo linalomaliza bushi hizi upesi.)

Ukitaka kuiona bushi katika umbo lake la kwanza, tazama mkokoteni wa ng'ombe. Ekseli ya chuma inazunguka ndani ya tundu la mti mgumu uliochemshwa au kulowekwa kwenye oili. Mti unalika polepole, ekseli inapona, na ukiisha unachonga mwingine. Mafunzo ya namna hiyo ya kutengeneza mikokoteni yamekuwa sehemu ya kazi yetu ya ugani kwa miaka mingi, na taasisi kama CAMARTEC ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1981, iliundwa kwa ajili ya zana za kijijini za aina hiyo.

Magari ya kwanza yalifanya vilevile, isipokuwa mahali pa mti palikaa shaba. Springi za majani, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, zilifungwa kwenye chasisi kwa pini iliyopita ndani ya bushi ya shaba. Gari likipita kwenye shimo, springi inanyooka, pini inazunguka kidogo ndani ya bushi. Chuma kinasugua chuma. Bila grisi kinalia, kinapata joto, kinalika. Kwa hiyo kila pini ilikuwa na nipo yake, kile kichuchu kinachopokea pampu ya grisi, na kazi ya utingo asubuhi ilikuwa kulala chini ya lori na pampu mkononi.

Huku kwetu kazi hiyo ilikuwa na adui mkubwa. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulikuwa umeanza kutanda kwenye tambarare zetu. Malori yalipokuja baadaye kuhudumia mashamba kama Ngombezi na Magunga, yalikimbia kwenye vumbi jekundu. Vumbi likichanganyika na grisi ya zamani, unapata kitu chenye tabia ya msasa. Dawa ilikuwa kusukuma grisi mpya mpaka ile chafu itoke pembeni, na kurudia kila baada ya siku chache. Mwenye trakta ya Massey Ferguson anaifahamu kanuni hii: pini za ekseli ya mbele zinataka grisi kila siku ya kazi. Malori mengi ya Fuso na Isuzu nayo bado yana nipo kwenye pini za springi. Endelea kuyapa grisi, usiache.

Gari dogo ndilo lililobadilika, na lilibadilishwa na mpira.

Mpira uliopita kwetu

Mpira mbichi peke yake haufai kwa kazi hii. Kwenye joto unanata, kwenye baridi unakakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika pamoja na salfa unakuwa imara: unavutika na kurudi, unabonyea na kurudi. Kuanzia hapo dunia nzima ikataka mpira, na baiskeli na magari yalipokuja, njaa hiyo ikawa kubwa zaidi.

Mkoa wetu uliingia katika biashara hiyo. Wajerumani walipanda Tanga na kwenye miteremko ya Usambara mti wa mpira kutoka Ceara, Brazil. Mkulima anaujua kwa jina jingine, kwa kuwa ni ndugu wa damu wa muhogo. Ule mti mrefu wenye majani kama ya muhogo unaosimama nyuma ya jiko la bibi, unaochumwa kisamvu na kuitwa mpira, ni masalia ya zama hizo. Kufikia mwaka 1912 mpira ulikuwa miongoni mwa mazao makubwa yaliyosafirishwa kutoka koloni hili. Mwaka 1913 bei ikaporomoka, kwa sababu mashamba makubwa ya Asia ya mti wa aina nyingine, Hevea, yalikuwa yameanza kutoa mpira mwingi na wa bei nafuu. Mashamba ya huku hayakuweza kushindana.

Mti wetu haukupotea bure lakini. Kuanzia miaka ya 1930, watafiti wa kituo cha Amani, pale Usambara Mashariki, waliuzalisha pamoja na muhogo ili kupata mbegu zinazostahimili magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Damu ya mti huo imo katika aina nyingi za muhogo zinazopandwa Afrika leo. Hiyo ni habari ya siku nyingine, lakini nisingeweza kuipita kimya.

Turudi kwenye bushi. Wahandisi wa Ulaya, miaka ya 1920, walianza kutumia mpira mahali pa shaba. Walichukua bomba dogo la chuma, wakaliweka ndani ya ganda kubwa la chuma, na nafasi ya katikati wakaijaza mpira uliobanwa au kugandishwa kwenye chuma. Bushi hiyo iliuzwa kwa jina la Silentbloc, yaani isiyo na kelele, na mpaka leo mafundi wa nchi zinazotumia Kifaransa huiita hivyo. Mwaka 1931 kampuni ya Plymouth ya Marekani ilitangaza kwa fahari injini iliyokaa juu ya mpira, na mwaka uliofuata Citroën ya Ufaransa ikainunua teknolojia hiyo. Dereva hakutetemeshwa tena mpaka meno.

Sasa sikiliza hapa vizuri, maana kazi yote ya leo inategemea jambo hili. Bushi ya shaba huteleza. Bushi ya mpira haitelezi, inajikunja. Weka kiganja juu ya paja lako, kandamiza, kisha kisogeze mbele na nyuma bila kukiachia. Ngozi inavutika na kurudi, kiganja hakijatoka mahali pake. Ndivyo bushi ya mpira inavyofanya. Bolti inalibana bomba la ndani kwenye chasisi, lisizunguke kabisa. Ganda la nje limeshindiliwa ndani ya amu, nalo halizunguki. Kinachocheza ni mpira wa katikati peke yake.

Kwa kuwa hakuna kinachoteleza, hakuna cha kulainishwa. Na kibaya zaidi, mpira wa asili hauvumilii oili wala grisi ya kawaida. Unainywa, unavimba, unakuwa laini kama ubuyu uliolowana, kisha unachanika. Ukipaka grisi kwenye bushi ya Noah, umeitilia sumu.

La pili ni la kukaza. Ukikaza bolti gari likiwa limenyanyuliwa, gurudumu linakuwa limeshuka hadi mwisho. Unalibana bomba la ndani katika hali hiyo. Ukishusha gari, amu inapanda, na mpira unajikunja sana kabla hata hujaondoka nyumbani. Sasa kila shimo unaongeza juu ya mkunjo uliokwishakuwapo. Usiku kucha gari limeegeshwa, bushi imepindwa. Zamani kwenye shaba jambo hili halikuwa na madhara yoyote, pini ingezunguka tu ikakaa mahali pake. Kwenye mpira linamaliza bushi kabla ya wakati wake.

Land Rover ya bwana shamba

Gari lililowafundisha mafundi wengi wa nchi hii bushi ya mpira ni Land Rover, iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Ilikuwa na springi za majani mbele na nyuma, lakini kwenye macho ya springi kulikuwa na bushi za mpira na chuma, hakuna nipo. Serikali ya kikoloni iliitumia, na baada ya uhuru idara zetu zikaitumia kufika kusikofikika.

Land Rover iliacha pia somo la tatu, ambalo kila fundi mzee analikumbuka kwa maumivu ya mabega: ganda la nje la bushi hushika kutu ndani ya chasisi mpaka vikawa kama kitu kimoja. Nyundo peke yake haitoshi. Wengi walichoma mpira kwa moto, kisha wakaingiza msumeno wa chuma ndani ya tundu na kulikata ganda taratibu, wakiangalia wasiikate chasisi. Njia hiyo inafanya kazi hata leo. Ila moshi wa mpira ni mbaya kwa mapafu, na mimi ningependa ukate mpira kwa kisu au uutoboe kwa drili kuliko kuuchoma.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni vilifanya spea ziwe kama dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari binafsi hayakuruhusiwa hata kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Bushi mpya ya Land Rover au Peugeot ungeipata wapi? Mafundi wakageukia tairi kuukuu, lile lile lililotoa katambuga. Walikata vipande vya mviringo, wakavitoboa, wakavipanga kama bushi. Wengine walikereza bushi za naironi kwenye mashine za karakana.

Nawaheshimu watu hao, waliifanya nchi itembee. Lakini elewa kasoro ya bushi ya kuchonga. Mpira wa tairi una nyuzi ndani na haujagandishwa kwenye chuma, kwa hiyo haujikunji, unateleza na kulika. Unavumilia mzigo, haushiki mwelekeo wa gari. Ndipo tabia ya kupaka grisi iliporudi, ili kuondoa ule mlio. Bushi ya kuchonga ikuokoe ufike nyumbani kutoka Kiberashi, sawa. Kwa safari ya kila siku, hapana.

Magari ya Japani, na lami

Biashara ilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia kwa wingi. Japani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani ulikuwa tayari mahali pake. Mengi yana miguu ya mbele ya aina moja: shokapu na koili vimeungana katika mguu mmoja uliosimama, na chini kuna amu moja yenye bushi mbili na boljointi. Muundo huo ulibuniwa na Earle MacPherson wa kampuni ya Ford, na Toyota Corolla ya kwanza ya mwaka 1966 ilikuwa nao. Kwa mtu wa kawaida mwenye spana ni habari njema, nitaeleza kwa nini.

Jambo moja wanunuzi hulisahau. Mpira huzeeka hata usipofanya kazi. Hewa na joto vinaukausha. Gari lililokaa Japani miaka kumi na tano likiwa na kilomita chache linaweza kukufikia na bushi zenye nyufa.

Na barabara nazo zimebadilika. Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65, Handeni hadi Mkata kilomita 54, na zote zilikuwa vumbi na tope mpaka lami ilipowekwa katika miaka hii ya karibuni. Wakati wa vumbi, bushi iliyokufa ilikuwa kelele tu, maana mwendo ulikuwa mdogo. Leo gari lile lile linateremka kwa kasi kuelekea Segera na kuingia kwenye njia moja na mabasi ya Arusha. Bushi ya amu ikiwa imechanika, unaposhika breki ghafla gurudumu moja hurudi nyuma kuliko lenzake, na gari linavuta upande. Upande huo unaweza kuwa ule wa basi. Hapo si suala la kelele tena.

Kazi yenyewe nyumbani

Kwanza hakikisha tatizo. Gari likiwa chini, mtu ashike breki huku akisogeza mbele na nyuma kidogo, wewe utazame ukiwa pembeni, usiwe chini yake. Ukisikia mgongo wa "kok" na kuona amu ikihama, bushi imekwisha. Tazama pia matairi: kulika upande mmoja ni dalili.

Chagua mahali pagumu na tambarare. Zuia magurudumu ya nyuma kwa kabari. Nyanyua, kisha weka stendi za chuma chini ya chasisi, au magogo mazito ya mti mgumu kama huna. Tofali la saruji usiliweke kabisa, hupasuka bila kutoa taarifa. Na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Kama gari lako lina mguu wa MacPherson, koili imefungwa ndani ya mguu wenyewe, hivyo unaweza kutoa amu ya chini bila kuifungua. Hiyo ndiyo habari njema niliyoahidi. Lakini kwenye pikapu na magari makubwa ambayo koili imekaa juu ya amu, au yenye ile fimbo ndefu ya chuma inayojipinda kama kwenye Hilux nyingi za zamani, nguvu iliyofungwa humo inaweza kukuvunja taya. Hizo mpelekee fundi mwenye vifaa.

Toa gurudumu, fungua boljointi, fungua bolti mbili za amu. Kabla ya kutoa bushi ya nyuma ya amu, chora alama kwa msumari. Bushi nyingi za nyuma zina matundu kwenye mpira, na matundu hayo yana mwelekeo wake. Ukiyageuza, gari litakuwa gumu pale linapotakiwa kuwa laini. Kutoa na kuingiza ni kazi ya presi, lakini jiliwa kubwa, au bolti ndefu yenye washa nene na soketi za ukubwa unaofaa, inatosha kwa nyingi. Sukuma kwenye ganda la nje tu. Ukisukuma mpira au bomba la ndani, umeiua mpya mkononi. Safisha tundu kwa msasa mpaka kutu iishe. Ikiwa mpira wenyewe ndio unaoingia, bila ganda, tumia maji ya sabuni. Yakikauka yanaacha mpira umeshika. Zile bushi ngumu za rangi, za plastiki ya poliuretheni, ni tofauti: zenyewe huzunguka na hutaka grisi maalumu ya silikoni inayouzwa nazo, si ile ya trakta.

Rudisha amu, boljointi ikaze na uifunge pini yake. Bolti za bushi zifunge kwa mkono tu. Rudisha gurudumu, shusha gari, litikise mara kadhaa likae kwenye kimo chake. Sasa kaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Kama nafasi ya kuingia chini haitoshi, pandisha magurudumu yote manne juu ya mbao pana na imara, kabari zikiwepo, au weka jeki chini ya mwisho wa amu uinyanyue mpaka gari lianze kutoka kwenye stendi, kisha kaza hapo.

Badilisha kushoto na kulia kwa pamoja, kisha peleka gari mjini lipimwe alaimenti kabla ya safari ndefu, kwa sababu amu mpya hukaa tofauti kidogo na ile iliyokuwa imelegea. Baada ya wiki moja ya kazi zitazame tena bolti zote ulizogusa, na kama oili ya injini au ya usukani inavuja juu ya amu, ziba mvujo huo kwanza.